Mchele wa Watu wa Vyungu

Kilichomchefua Kanali mstaafu Yotamu Mwaisumbe katika misiba ya kwao Mwaya hakikuwa kilio. Kilio alikivumilia, maana hata mwanajeshi ana mama. Kilichomchefua ni midomo. Mtu hamjui marehemu, hajui hata kama aliyelala ndani ni mwanamume au mwanamke, lakini wali ukianza kupakuliwa yeye ndiye wa kwanza kunyoosha sahani. Mafuta yanamchuruzika hadi viwikoni, mapande ya nyama ameshayafunga kwenye jani la mgomba na kuyaficha chini ya mkeka, na bado anauliza, "Kwani soda zinaletwa saa ngapi?" Kanali akiona hayo alisogea pembeni, akatema mate, akasema kwa sauti aliyotaka isikike:

"Huu si msiba. Haya ni mashambulizi."

Watu walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Kupambana na midomo ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana mpaka akastaafu.

Mwaya walipoambiwa kijana wao amekuwa Kanali, walidhani ameongoza vita. Akija likizo, wazee walimuuliza habari za mizinga na vifaru, naye akawa anababaisha majibu. Ukweli ni kwamba bunduki aliiweka chini akiwa bado Luteni, goti lilipomharibikia mazoezini. Akapelekwa kusomea uchumi, na aliporudi akapewa meza kwenye Mipango na Bajeti. Hapo ndipo alipopandia vyeo vyake vyote, amekaa kwenye kiti. Vita vyake vilianza kila mwaka pale makisio ya mwaka wa fedha unaofuata yalipoanza kumiminika mezani, makabrasha kwa makabrasha, kila moja na muhuri wake.

Na kama ilivyo kwa ofisi yoyote chini ya jua, hakuna aliyeomba anachohitaji. Anayehitaji mahema aliomba maradufu kwa kujua atakatwa, na mkataji naye alikata maradufu kwa kujua ameongezewa. Wengine waliuona mchezo huo wakacheka nao. Yotamu ulimtia kinyaa. Alikuwa na pua ya kazi hiyo. Alisoma makisio kama mpishi anavyonusa nyama ya jana, akifika palipooza anasimama, anapiga mstari mmoja wa kalamu nyekundu, anafungua ukurasa unaofuata. Mtu angeweza kuja na maelezo, na viambatisho, na tabasamu. Mstari haukufutika.

Alichokichukia kuliko vyote ni fungu la dharura. "Dharura ni jina la heshima la uvivu," aliwafundisha makapteni waliokuwa chini yake. "Aliyeshindwa kufikiri ndiye anayeandika dharura. Fikiri, halafu andika unachotaka." Wakalikariri somo hilo, na baadhi yao leo ni wakubwa kwa sababu ya kulikariri.

Hakuiba. Hilo tulitaje waziwazi, maana wapo waliomchukia na kutafuta doa kwa tochi, na hawakulipata. Alistaafu na nyumba moja Dodoma, gari moja kuukuu, na saa ya ukutani aliyopewa na wenzake. Mkewe Lucy alibaki Dodoma na wajukuu, naye akarudi Mwaya kumwangalia mama yake, aliyekuwa ameanza kuchoka.

Mama yake, Bibi Angetile, hakuwahi kukaa ofisini hata siku moja. Alikuwa na majaruba mawili ya mpunga, na alikuwa na watu wa vyungu.

Watu wa vyungu ni wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vinavyofuata, kule ambako Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani bila kuwaachia watu pa kulima mpunga. Walichobakiwa nacho ni udongo na mikono yao. Vyungu vyao huvileta kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema, na Bibi Angetile alianza kwenda huko akiwa msichana. Hakwenda na shilingi. Alikwenda na mchele wa shambani kwake. Chungu alichokitaka alikijaza mpaka mdomoni, mchele ukamiminwa kwenye kikapu cha mfinyanzi, chungu kikawa chake. Kikubwa kilikula mwingi, kidogo kilikula kidogo, na hakuna aliyebishana. Vyungu aliviuza Ipinda na Kyela mjini, na hivyo ndivyo Yotamu alivyopata sare ya shule, na sanduku la bati, na nauli ya kwenda sekondari.

Mwaka mmoja mto ulipanda na mpunga wote ukaozea shambani. Bibi Angetile akakaa nyumbani kwa aibu. Wakisi wakamfuata Mwaya na vyungu vyao. Wakamwambia chukua, utajaza mwakani. Akachukua, na mwaka uliofuata akajaza vya miaka yote miwili. Tangu hapo ukawa udugu. Wakipita Mwaya walilala kwake, wamejipanga kwenye mikeka sebuleni, na Yotamu mdogo alikuwa anabeba blanketi lake kwenda kulala barazani, kwa sababu hakuweza kuvumilia ile harufu ya moshi na samaki waliyoingia nayo.

Mwezi wa pili Bibi Angetile alilala kitandani na hakuinuka tena vizuri. Siku moja mchana alimwita mwanawe.

"Yotamu. Magunia ya humu chumbani umeyaona?"

"Nimeyaona, mama."

"Ni ya watu wa vyungu. Nikiondoka watakuja, na hawaji kwenye msiba wangu mikono mitupu. Watakuja na vyungu. Uwajazie."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa ya ofisini."

Kanali akacheka kidogo, akamshika mkono. "Nitawajazia, mama. Nimekuahidi."

"Ndaga," mama akashukuru, akageukia ukutani.

Alifariki mwezi wa tatu, mvua ikinyesha kama imetumwa. Uwanja wote ulikuwa tope jeusi lenye kunuka mavi ya ng'ombe, watu wakaingia nalo ndani, likapakaa mikeka na miguu ya viti. Kanali hakulia mbele za watu. Alifungua kompyuta yake barazani na kuwaita wawili tu: dada yake mkubwa, Tusajigwe, aliyekuwa amemuuguza mama, na Mzee Ebeneza, mzee wa kanisa aliyesimamia kamati ya mazishi ya kijiji.

"Tunazika kesho," Kanali alisema. "Watu watakula mara moja, kisha watatawanyika. Habari ya kukaa matanga siku tatu watu wanatafuna tu, hapa haipo."

Mzee Ebeneza akaafiki kwa kichwa. Hata kanisani walikuwa wameshachoka kuhubiri jambo hilo.

"Na wageni wa mbali?" Tusajigwe aliuliza.

"Wageni gani?"

"Unawajua. Watu wa vyungu."

"Dada, ziwa hili umeliona? Nani atatia mtumbwi majini kwa mvua hii? Wakija, watakuja mwezi ujao, na mwezi ujao nitawapokea."

"Basi tuweke hata akiba ya siku ya pili."

"Dharura," Kanali akasema, na mdomo ukampinda kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. Akaipiga mstari kabla haijaandikwa. Kisha akauliza ndani kuna chakula gani.

Mzee Ebeneza, bila kujua anachokisema, akajibu kwamba alipoingia kumwona marehemu aliona magunia ya mchele chumbani, mazuri kabisa.

"Hayo yana wenyewe," Tusajigwe alisema haraka.

"Yapo tu, Dada. Yamekaa, yanaliwa na panya. Mchele msimu huu ni ghali na mpunga bado mbichi mashambani. Tutayatumia kesho, halafu nitayarudisha. Kule kwetu tunaita kuhamisha fungu. Ni halali kabisa."

"Kule kwenu wapi? Kwenu ni hapa."

"Dada Tusa..."

"Ulimwahidi mama. Nilikuwa mlangoni, nilisikia."

"Niliahidi kuwajazia wakija. Wakija, nitanunua mwingine. Mchele ni mchele."

Tusajigwe aliinama na kunyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. Hakuwa amesoma sana, lakini kusoma alijua. "Na hii meza kuu? Kuku, maji ya chupa, vitambaa vya meza. Hii ni ya nani?"

"Wanakuja maofisa kutoka makao makuu na viongozi wa wilaya. Hiyo ni itifaki."

"Itifaki haikatwi?"

"Haikatwi," Kanali alisema, na kwa hilo hakuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu katika miaka yake yote mezani hakuwahi kuona ikikatwa.

Mazishi yalikwenda kama gwaride. Ibada ilianza kwa wakati, jeneza likashuka kwa wakati, na mvua yenyewe ikaacha kunyesha kana kwamba imepokea amri. Mchele wa Bibi Angetile ulipopikwa, harufu yake ilifika mpaka barabarani. Waombolezaji wa kawaida walipewa upawa mmoja mmoja na kipande cha nyama, na walioomba kuongezewa walikuta sufuria zimeshageuzwa. Walinung'unika. Kanali aliyasikia manung'uniko hayo kwa raha ya mtu aliyewahi kuyasikia mara nyingi. Wengine walifuta vidole vyao kwenye nyasi, wakaondoka bila kuaga.

Meza kuu ilikuwa chini ya turubai jeupe. Waheshimiwa walikuja na magari yao, wakatoa rambirambi, wakasema maneno mazuri juu ya Kanali na machache juu ya mama yake, wakapakuliwa milima ya wali, wakadonoa. Mmoja tumbo lilimsumbua, mwingine hali wanga, wa tatu alikuwa na simu iliyoita tangu anakaa mpaka anasimama. Kisha wakaondoka, kwa sababu barabara ya tope si ya kuichezea.

Walivyoiacha meza ile ingemtapisha hata fisi. Mapaja ya kuku yaliyong'atwa mara moja yalitupwa juu ya wali, na wali wenyewe umechomekwa vijiti vya meno na karatasi za kufutia midomo zenye rangi ya nyanya. Chupa za maji zilikuwa nusu nusu. Kwenye sahani moja mtu alikuwa ametema mfupa pamoja na tonge alilokuwa analitafuna, na nzi wakubwa wa kijani walikuwa wameshalikalia kama lao. Hayo magunia mama aliyachambua mwenyewe kwenye ungo, akitoa kokoto moja moja kwa macho yaliyokuwa yameshaanza kufifia. Tusajigwe alisimama mbele ya meza hiyo mikono imelegea. Mbwa wa jirani akapanda kiti, akaanza kula, na hakumfukuza.

Kanali hakuiona meza kwa jicho hilo. Alikuwa jikoni akikagua masufuria, na masufuria yalikuwa matupu. Alifurahi. Mpango mzuri, alijiambia, ni ule ambao siku ikiisha hakuna kilichobaki.

Kesho yake alasiri, turubai limeshafungwa na viti vya kanisa vimesharudi kanisani, waliingia uwanjani wakiwa wamefuatana mstari mmoja. Wanawake peke yao, wazee kwa vijana, na kila mmoja na chungu kichwani. Ziwa lilikuwa limewakatalia kweli, hilo Kanali alikadiria sawasawa. Ila walikuja kwa miguu. Walitambaa na njia ya mawe kandokando ya maji kutoka Ikombe mpaka Matema, wakabebwa na pikapu hadi Ipinda, na kutoka hapo wakatembea tena kwa sababu gari lilikwama. Sketi zao zilikuwa tope mpaka magotini. Mbele yao alikuwa Marta, kikongwe aliyekuwa akimfinyangia Bibi Angetile vyungu tangu wote wawili wakiwa na meno yao.

Walikwenda kwanza kaburini, wakalia. Kisha wakaingia ndani na kuvipanga vyungu vyao kwenye mlango wa chumba cha marehemu, midomo juu; cha Marta kikagongwa na komeo la mlango, kikabaki na kovu dogo karibu na mdomo. Vilikuwa vyungu vya kazi, si vya haraka. Mabega yake yalipakwa rangi nyekundu na kuchorwa mistari myeupe. Marta akatoa kifurushi cha samaki wa kukausha, mbasa wa ziwani, akampa Kanali kwa mikono miwili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Tumechelewa kwa sababu ya njia."

"Ndaga, mama. Karibuni," Kanali alijibu.

Wakakaa kwenye mikeka. Hawakuomba kitu, wala hawakuitazama milango. Walizungumza habari za marehemu kwa sauti ya chini, na wakati wote huo vyungu vilikuwa pale, vimeachama.

Kanali aliingia chumbani kwa mama yake. Pale palipokuwa na magunia palikuwa na punje chache zilizomwagika na mavi ya panya. Alisimama akizitazama. Halafu akatoka kwa mlango wa nyuma na kumpigia simu Mzee Ebeneza, akamwambia atafute mchele, popote, kwa bei yoyote.

Mzee Ebeneza alizunguka nyumba kwa nyumba. Jana yake watu hao hao walikuwa wameondoka uwanjani wakilamba vidole vitupu, na leo wote hawakuwa na mchele. Walimwambia hivyo kwa upole, wakiwa wamesimama katikati ya mlango. Alichokipata mwishowe ni kibaba cha dukani, chenga tupu, mchele wa zamani uliokuwa unanuka gunia na wenye wadudu weusi waliokuwa wanatembea bila haraka. Kanali aliupokea mwenyewe. Akaumwaga kwenye chungu cha Marta, kilichokuwa karibu, mbele za wote, kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya. Mchele haukufunika hata kitako cha chungu. Mdudu mmoja akapanda ukutani mwa chungu, akaanguka, akapanda tena.

Tusajigwe akaja, akapiga magoti, akauchota wote kwa viganja mpaka punje ya mwisho.

"Usimtukane mama," alimwambia mdogo wake.

Kanali alitaka kueleza. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya ofisini, aliyaona jinsi yalivyojipanga kinywani mwake, makisio, ukomo, kuhamisha fungu, na yote yalimnukia kama kile kibaba.

"Acha, mwanangu," Marta alisema. "Mvua haikumwachia mtu kitu mwaka huu."

Alikuwa anamsitiri, na kila mtu mle ndani alijua. Harufu ya wali wa jana ilikuwa bado imeganda kwenye majani ya migomba uani. Kisha yule bibi akainuka kwa shida, akashika chungu chake, akakigeuza mdomo chini. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, polepole ili visigongane.

Tusajigwe alikata ndizi nyuma ya nyumba akapika mbalaga. Kitoweo hakikuwepo, ikabidi apike wale wale samaki walioletwa kama rambirambi. Wageni wakala samaki wao wenyewe kwenye msiba wa mwenzao, wakashukuru, "Ndaga fijo," kama vile wamechinjiwa ng'ombe. Kanali alipewa sahani ya kwanza kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Moshi na samaki vilimpanda puani, ile ile harufu iliyokuwa inamhamisha barazani utotoni. Alipeleka tonge mdomoni, likakataa kushuka. Alitoka nje, akashika mgomba, akatapika, na hakikuwa samaki kilichomtapisha. Alijitapika mwenyewe, na miaka yake yote ya kalamu nyekundu, na kile kicheko kidogo alichomchekea mama kitandani.

Asubuhi waliaga wakaondoka na vyungu vichwani. Mwaya nzima iliwaona. Hakuna mtu pale asiyejua kwamba Wakisi wakitoka kwa Bibi Angetile hutoka na vikapu vilivyolemea shingo, si na vyungu vinavyocheza kichwani. Waliowakuta njiani waliwapa pole, kisha wakageuka kuitazama nyumba ya Kanali. Mzee Ebeneza, aliyekuwa anawasindikiza, alifungua mwavuli na kujifunika nao uso, ingawa mvua haikuwepo.

Kanali hakukaa. Wiki ile ile alikwenda Ipinda, akanunua mchele wa daraja la juu, mweupe, uliopepetwa na mashine, magunia mengi kuliko yale ya mama. Akakodi pikapu, na Jumamosi alikuwa Lyulilo kabla mitumbwi haijamaliza kushusha. Soko lilikuwa limejaa tope, magamba ya samaki na kelele. Alimkuta Marta amekaa nyuma ya rundo lake la vyungu vilivyolazwa kwenye nyasi kavu.

"Karibu, Kanali," Marta alisema.

Hakumwita "mwanangu" tena. Kanali alilisikia hilo, akalimeza.

"Mama, nimeleta mchele. Ni wenu. Ni ule alioniagiza marehemu."

Marta alimtazama, akamwomba afungue gunia. Alichota kiganja, akaunusa, akautupatupa kidogo mkononi.

"Umeulima wapi?"

"Nimenunua Ipinda. Daraja la kwanza."

"Ni mzuri." Akaurudisha guniani taratibu, akapangusa mikono. "Lakini si huo."

"Mama, mchele ni..." Kanali alianza, akakatiza mwenyewe.

"Mama yako alikuwa anatujazia mchele wa shambani kwake, na sisi tunampa udongo wa kwetu. Hakuna aliyemnunua mwenzake. Yeye ameshazikwa, na hayo yamekwisha vizuri. Hatuna neno na wewe." Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Huo uuze tu hapa, wapo watakaoutaka. Na kama unatafuta chungu, hivi hapa. Vikubwa bei yake ni hii, vidogo bei yake ni ile. Ukichukua vingi nitakupunguzia kidogo."

Ndipo Kanali alipoangalia rundo na kukitambua chungu alichokimwagia kile kibaba. Mabega mekundu, mistari myeupe, na karibu na mdomo kovu dogo pale kilipogongwa na komeo la mlango wa mama yake. Kilikuwa kimelazwa sokoni pamoja na vingine, kinasubiri mwenye hela.

Angeweza kuondoka. Mtu mwenye akili timamu angeondoka. Yeye alitoa pochi. Hakuomba kupunguziwa, yeye aliyekula mshahara wa serikali kwa kupunguza, akahesabu noti mbele ya kikongwe yule, akazipokeza kwa mikono miwili. Marta akazihesabu tena, akazifunga kwenye pindo la khanga. Akakizungushia chungu nyasi kavu ili kisivunjike njiani, akamkabidhi, akamgeukia mteja aliyefuata.

Mchele alirudi nao. Njia nzima alikaa nyuma ya pikapu juu ya magunia, chungu amekikumbatia, na kila tope lilipowarusha alikishika zaidi.

Tusajigwe alikuwa uwanjani akianua nguo. Aliyaona magunia kabla hajamwona mdogo wake. Hakuuliza. Kanali akashuka, goti likimuuma, akamletea chungu mpaka alipo.

"Ni kile kile, Dada," alisema. "Nimekinunua."

Tusajigwe alikipokea. Akatoa nyasi, akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye kovu la mdomo.

"Mama hakununua chungu hata kimoja maisha yake yote," alisema.

Akamrudishia mikononi, akaendelea kuanua nguo.